Nyuma ya Kaunta ya Kahawa Mjini Malindi

Mtu akisikia kwamba mimi ni barista, yaani mtengenezaji wa kahawa ya mashine, mjini Malindi, huwaza mambo mawili kwa pamoja: kwamba nashinda kwenye kiyoyozi nikimimina maziwa kwa madaha, na kwamba Waitaliano wananijaza bakshishi. La kwanza si kweli hata kidogo, kwa sababu kaunta yetu imeelekea barabarani na feni yake ya pekee humpulizia mteja. La pili lina ukweli wa miezi michache tu ya mwaka. Kwa kuwa wasichana wengi wa hapa waliomaliza kidato cha nne huniuliza habari za kazi hii wakati nina foleni mbele yangu, nami huwajibu kwa mkato, nimeona niiandike kwa utulivu, pamoja na utamu wake na karaha zake.

Kwanza ieleweke kwamba Malindi si mji wa kubahatisha kahawa. Katika miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha kurushia satelaiti kwenye majukwaa ya baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa mji. Satelaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967, na ile ya Wamarekani iliyorushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Wahandisi walipeleka kwao habari za pwani hii, na baada yao wakaja wenye hoteli, wenye majumba ya kustaafia, wapishi wa piza na watengenezaji wa aiskrimu, hata leo kijana anayeuza vinyago ufukweni hujadiliana bei kwa Kiitaliano ambacho hakufundishwa na mwalimu yeyote. Matokeo yake kwa mtu wa kazi yangu ni kwamba nawauzia kahawa watu walioijua tangu utotoni. Kwingineko barista anaweza kumfurahisha mteja kwa kumchorea ua juu ya povu la maziwa. Hapa yuko mzee wa miaka sabini na kitu ambaye kabla ya kunywa hugusa kikombe kwa mgongo wa kidole ili ajue kama kilipashwa moto, na kama hakikupashwa hasemi neno, ila hukisukuma mbele kidogo tu. Hapo mimi huchukua kikombe kingine na kuanza upya.

Wazee hao wana sheria zao ambazo hazikuandikwa popote. Kapuchino, kahawa ya maziwa yenye povu, ni ya asubuhi, na anayeiagiza baada ya chakula cha mchana hutazamwa kwa huruma. Espreso, kahawa nzito ya kikombe kidogo, hunywewa kwa kusimama, kwa mafunda mawili au matatu, kisha mtu huweka sarafu mezani na kwenda zake. Wakenya wenzangu wanaoshuka kutoka Nairobi wakati wa likizo, kwa upande wao, hutaka kikombe kikubwa, maziwa mengi na kiti kilicho karibu na soketi ya kuchajia simu. Sioni kosa katika desturi yoyote kati ya hizo mbili, ingawa mteja wa kusimama humpumzisha barista kuliko mteja wa soketi.

Kazi yenyewe, ukiieleza kwa maneno, ni fupi. Unasaga kahawa, kwa kawaida gramu 7 kwa kikombe kimoja kwa kipimo cha Kiitaliano, unaishindilia katika chujio, unafunga kishikio kwenye mashine, na maji ya joto la karibu nyuzi 90 husukumwa ndani yake kwa kanieneo la takriban mara tisa ya ile ya hewa inayotuzunguka. Kwa sekunde zipatazo 25 inapaswa kutoka kahawa ya mililita kama 25, yenye krema, yaani povu zito, ya rangi ya hudhurungi juu yake. Kahawa ikisagwa laini kupita kiasi, maji hupenya kwa shida, yakidondoka tone baada ya tone, na kinachotoka ni uchungu wa kuungua. Ikiwa chenga kubwa, maji hupita mbio na kuacha kitu cheupe cheupe chenye uchachu. Kati ya makosa hayo mawili pana nafasi nyembamba sana, na tatizo ni kwamba nafasi hiyo haikai mahali pamoja. Hewa ya Malindi ina unyevu mwingi, na kahawa iliyosagwa huunyonya. Asubuhi upepo wa bara unapokuwa bado unavuma, kinu cha kusagia hutaka kipimo kimoja. Adhuhuri bahari inapoanza kupuliza, kipimo kile kile hutoa kahawa inayochelewa. Mvua za masika zinapoanza, hubadilika tena. Kwa hiyo barista hufika kabla ya mteja wa kwanza, hutengeneza vikombe kadhaa, huonja, humwaga, hugeuza kinu kidogo na kuonja tena, na siku nzima huendelea kukigeuza bila mtu kujua. Mteja anayepata kahawa ile ile ya jana hudhani mashine ndiyo iliyofanya kazi.

Hapo ndipo Ramadhani inaponipa mtihani ambao wenzangu wa bara hawaufikirii. Miaka hii miwili mfungo umeangukia Februari na Machi, wakati ambapo wageni bado ni wengi, na mimi nasimama mbele ya mashine tangu alfajiri nikiwa nimefunga. Njaa si taabu kubwa, na harufu ya kahawa huzoeleka. Shida ni kwamba siwezi kuonja. Masheikh huruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini mimi sikupenda kuutia mfungo wangu katika hesabu hizo kila nusu saa. Nimejifunza kutumia jicho na saa. Hutazama uzi wa kahawa unavyoshuka kutoka kwenye kishikio, kama umepinda kidogo kuelekea ndani au umenyooka. Hutazama sekunde ambayo rangi yake inaanza kufifia. Hunusa kikombe, kisha humpa mwenzangu wa zamu, ambaye ni Mgiriama na Mkristo, anionjee. Mwanzoni alikuwa akijibu "iko sawa" kwa kila kitu. Ilibidi tukae chini tukubaliane maneno, chachu ni ipi, kali ni ipi, iliyoungua ni ipi, na sasa ulimi wake umekuwa mzuri kuliko wangu, jambo ambalo hunikumbusha hata Idd ikishapita.

Maji nayo yana vituko vyake. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, na maji ya bomba, ambayo hutoka Baricho kwenye mto Sabaki, hayaji kila siku katika kila mtaa, kwa hiyo biashara nyingi hununua maji ya boza yasiyojulikana yalikochotwa. Mashine ya espreso haiwezi kufichwa jambo hilo. Chumvi na chokaa hujenga utando mweupe ndani ya tangi lake la kuchemshia, utando huo huziba vijitundu, na ladha huharibika kabla mashine yenyewe haijaharibika. Mahali nilipofanya kazi awali, meneja aliambiwa kwamba chujio la maji linapaswa kubadilishwa, naye akajibu kwamba maji ni maji. Mashine iligoma wiki ya Krismasi, fundi akaletwa kutoka Mombasa kwa gharama ambayo ingenunua machujio ya miaka mingi, na sisi tuliokuwa kwenye kaunta tukashinda tukiomba radhi kwa lugha tatu. Umeme ukikatika huwa ni hadithi nyingine: hata jenereta ikiwashwa upesi, mashine iliyopoa huchukua karibu nusu saa kurudi kwenye joto lake, na mteja aliyetoka kuogelea na taulo begani haelewi kwa nini taa zinawaka na kahawa hakuna.

Kuhusu maziwa sitasema mengi. Yanatakiwa yafike kati ya nyuzi 60 na 65, kwa sababu yakizidi 70 utamu wake wa asili hupotea, na barista mzoefu huujua wakati huo kwa kiganja kilichoshika jagi. Mvuke umenichoma mkononi mara nyingi kiasi kwamba mama yangu huuliza kama ninapika kahawa au ninafua vyuma. Miguu huvimba, na kifundo cha mkono wa kushindilia huuma usiku. Haya humpata kila anayefanya kazi ya kusimama.

Lililo gumu zaidi, na ambalo wasichana wanaoniuliza wanapaswa kulijua kabla ya kuvaa aproni, ni watu. Nasema hivyo nikijua kwamba watu ndio pia sababu ya mimi kuipenda kazi hii. Mikahawa ya Waitaliano wa hapa ni baraza kamili: wastaafu wale wale hukutana saa ile ile, hugombana juu ya mpira na siasa za kwao, hutaniana juu ya maradhi yao, na asiyefika kwa siku mbili hutafutwa kwa simu. Kiitaliano changu chote nimekipata hapo, pamoja na kusahihishwa kwa ukali na bibi mmoja mwalimu mstaafu ambaye hawezi kupokea kikombe mpaka nimekinyoosha kitenzi nilichokikosea. Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe aliendelea kuagiza espreso mbili kwa muda, nami nikawa naziweka zote mbili bila kuuliza. Siku aliyoagiza moja sikuuliza pia.

Kwa upande mwingine wako wanaume, wazungu na weusi, wanaodhani kwamba tabasamu la barista limejumlishwa katika risiti. Upo mkono unaoshika mkono wako unaporudisha chenji na kuchelewa kuuachia. Ipo pia kahawa inayotiwa kileo cha grapa, ambayo wazee huipenda baada ya chakula cha usiku. Mimi kama Mwislamu simimini kileo, na nililisema jambo hilo siku ya mahojiano badala ya kusubiri liniudhi; tukapatana kwamba mimi natoa espreso na mwenzangu anamalizia. Mwajiri mwingine kabla yake alikuwa ameniambia kwamba mtandio wangu haufanani na sura ya mkahawa wake. Sikubishana naye, nilirudi nyumbani.

Sasa niseme kuhusu kahawa yenyewe, kwa maana hapa nina neno. Kahawa inayopendwa kwenye kaunta yetu hutoka Italia ikiwa imekwisha kukaangwa na kufungwa. Ni mchanganyiko wa aina mbili za kahawa, Arabika na Robusta, kwa kuwa Robusta huipa espreso krema nene na ukali wanaouzoea wao. Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, ambayo kwa sehemu kubwa ni Robusta, na kahawa hiyo husafirishwa ng'ambo kupitia bandari ya Mombasa. Yawezekana basi kwamba punje niisagayo asubuhi ilipita Mombasa ikiwa mbichi, ikavuka bahari, ikakaangwa, ikafungwa katika karatasi ya kumetameta, ikarudi Mombasa, ikapanda lori hadi Malindi, na bei yake ikawa imepanda katika kila kituo. Wakati huo huo Nyeri na Kirinyaga wanavuna Arabika ambayo wakaangaji wa dunia nzima huitafuta, hasa ya aina ya SL28, iliyochaguliwa na watafiti wa Scott Laboratories huko Kabete katika miaka ya 1930, na sehemu kubwa kabisa ya zao hilo huuzwa nje sisi tukinywa chai.

Nimewahi kumshawishi bosi wangu wa sasa anunue kilo chache za kahawa ya Kirinyaga tuiweke kwenye kinu cha pili. Wazee waliionja, wakasema ni chachu. Hawakukosea: uchachu wake ndio sifa yake, na inapotengenezwa kwa kuchujwa polepole badala ya kusukumwa na mashine huwa na ladha za matunda ambazo Robusta haiwezi kuziota. Wageni wachache vijana waliipenda. Mmoja aliniuliza kama ni daraja la AA, nami nikamweleza kwamba AA ni kipimo cha ukubwa wa punje tu, na kwamba punje ndogo za AB huenda zikawa na ladha nzuri vile vile kwa bei ya chini, habari ambayo wauzaji hawana haraka ya kuitoa.

Nilipokuwa nikitafakari mambo hayo nilimpelekea espreso, ndani ya chupa ya chai, mzee anayeuza kahawa chungu mtaani Shela, upande wa Msikiti wa Juma. Yeye hutembea na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo visivyo na mikono ili wenye kukaa barazani wajue amefika. Kahawa yake huchemshwa na tangawizi kwa muda mrefu, haina sukari, na husindikizwa na kashata au tende. Hana mizani wala saa. Nimemtazama mara nyingi akiongeza maji na kupunguza makaa, na naamini kwamba anachofanya ni kile kile nifanyacho mimi na kinu changu, ila yeye hufanya mbele ya watu.

Alikunywa kidogo, akanyamaza, kisha akasema: "Nzuri, mjukuu wangu. Lakini yaenda wapi mbio hivi?"

Nikacheka. Akaniuliza kikombe hicho huuzwa kiasi gani, na nilipomwambia akataja jina la Mwenyezi Mungu. "Na wewe wapata ngapi hapo?"

Swali hilo la pili sikuwa nimeulizwa na mtu yeyote kabla yake. Ukweli ni kwamba bei ya kapuchino chache haiko mbali sana na ujira wangu wa siku, na katika asubuhi nzuri ya Disemba natengeneza kapuchino hizo kabla ya saa mbili. Sisemi kwamba mwenye mkahawa hana gharama, kwani kodi, umeme, maji ya boza na kahawa ya kuagizwa vyote ninaviona. Nasema kwamba mkono unaobadilisha kinu kwa kila mabadiliko ya upepo hulipwa kama mkono wa kubeba sinia, kwa sababu anayelipa huuona ule wa sinia tu. Dunia nzima barista huingia mashindano, hupewa vyeti na kuitwa fundi. Hapa cheti changu cha mafunzo kiliulizwa siku moja tu, na hakikuongeza shilingi.

Na hapo sijataja sizoni. Malindi huishi kwa Agosti na kwa miezi ya Disemba hadi Machi. Katikati ya Agosti Waitaliano huwa na sikukuu yao na likizo yao kuu, na mwisho wa mwaka mji hujaa hadi tuktuk huwa adimu. Pasaka ikipita, upepo wa kusi huanza kwa nguvu, mvua hushuka, Sabaki hugeuza bahari kuwa ya rangi ya udongo, hoteli hufunga milango na wastaafu wengi hupanda ndege. Mikataba yetu huandikwa kufuata kalenda hiyo. Miezi ya mavuno nalipa madeni ya miezi ya ukame, na duka la mtaani lina daftari ambalo jina langu halikosekani mwezi wa Juni. Walionitangulia hukumbuka Machi 2020, Kenya iliposimamisha ndege za kimataifa hadi Agosti mosi. Wanasema kusi ya mwaka huo haikuisha. Wengine walirudi kulima, wengine wakaingia bodaboda, na wawili niwajuao walikwenda Ghuba, ambako sasa wanatengeneza kahawa katika maduka makubwa na kuleta nyumbani pesa nisizoziona mimi.

Kwa hiyo msichana akiniuliza, humwambia aulize maswali manne kabla ya kukubali: mkataba unaisha mwezi gani, bakshishi inagawanywaje na nani huihesabu, malipo ya NSSF na bima ya afya yanapelekwa kweli au yanakatwa tu, na zamu ya usiku inapoisha nani anagharimia tuktuk ya kumrudisha nyumbani. Swali la nne ndilo linalowatoa jasho waajiri. Kama majibu yanaridhisha, basi aje, nami nitamfundisha kusaga.

Msimu huu wa kusi tumeanza jambo jipya. Nilimwomba bosi asifunge kabisa, bali afungue asubuhi kwa ajili ya wenyeji: walimu, watu wa benki, makarani wa kaunti, na wenye maduka ya sokoni ambao wakati wa sizoni hawathubutu hata kutazama menyu. Tumeiweka ile Kirinyaga, ya kuchujwa, kwa bei ya chini, na mahamri ya mama yangu pembeni. Nikajaribu kuongeza tangawizi kidogo kwa wanaotaka, na hao wamekuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Faida bado ni nyembamba. Kuna asubuhi ambazo mahamri yanauzwa yote na kahawa ikabaki. Mzee wa Shela alipita siku moja, dele likiwa mkononi, akaionja, akasema sasa imeanza kutulia, akaondoka bila kulipa kwa kuwa nilikataa pesa yake. Bosi ametoa muda hadi mwisho wa Juni aone hesabu, na kila jioni mimi na mwenzangu tunazipiga mara mbili mbili ili asije akapata la kutushika.